Kusikiliza Kabla ya Kuhesabu: Mbinu za Utafiti wa Kimaelezo katika Taaluma ya Mawasiliano kwa Mifano ya Migori na Homa Bay

Utangulizi

Kozi ya mbinu za utafiti ni miongoni mwa kozi zinazoogopwa sana na wanafunzi wa vyuo vikuu. Wengi huikabili kwa kukariri fasili. Pendekezo la utafiti linapoandikwa, sentensi hujirudia kutoka tasnifu moja hadi nyingine: utafiti huu ulitumia muundo wa kimaelezo, data zilikusanywa kwa mahojiano na hojaji, sampuli iliteuliwa kimakusudi. Msimamizi akiuliza kwa nini mahojiano na wala si ushuhudiaji, au kwa nini wahojiwa ishirini na wala si mia mbili, jibu hukosekana. Mwanafunzi hugundua upungufu huo akiwa tayari uwanjani, mbele ya watu waliompa wakati wao.

Makala haya yananuia kueleza mbinu za utafiti wa kimaelezo jinsi zinavyohitajika katika taaluma ya mawasiliano, huku mifano ikitolewa katika kaunti za Migori na Homa Bay. Kaunti hizi, zilizokuwa sehemu ya wilaya ya zamani ya Nyanza Kusini, zimeteuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, zina vyuo vikuu vinavyowalea watafiti chipukizi: Chuo Kikuu cha Rongo, kilichotunukiwa hati mwaka wa 2016 na chenye skuli ya habari, mawasiliano na taaluma za vyombo vya habari, na Chuo Kikuu cha Tom Mboya mjini Homa Bay, kilichoanza mwaka huohuo wa 2016 kama chuo kishiriki cha Maseno. Pili, ni maeneo ambamo ujumbe usioeleweka vyema umewahi kugharimu uhai wa watu.

Dhana na chimbuko lake

Utafiti wa kitakwimu huuliza ni wangapi na ni kwa kiwango gani. Utafiti wa kimaelezo huuliza jambo lina maana gani kwa wanaolitenda, na maana hiyo hujengwa vipi katika mazungumzo na mwenendo wao. Hakuna kati ya aina hizi mbili iliyo bora kuliko nyingine. Swali la utafiti ndilo linaloamua.

Historia ya taaluma ya mawasiliano yenyewe inalithibitisha jambo hili. Mwaka wa 1941 nchini Marekani, Paul Lazarsfeld alimwalika Robert Merton kushuhudia jaribio la wasikilizaji wa redio. Wasikilizaji walibonyeza kitufe chekundu walipochukizwa na kijani walipopendezwa, na mashine ikarekodi. Takwimu zilionyesha ni wakati gani hadhira ilichukizwa, lakini hazikuweza kueleza kwa nini. Merton aliona kwamba mahojiano yaliyofuata hayakuendeshwa kwa ustadi, akaanza kuyaboresha. Mwaka wa 1946 yeye na Patricia Kendall walichapisha makala kuhusu mahojiano yaliyolenga tukio mahsusi ambalo wahojiwa wote wamelipitia. Humo ndimo lilimo chimbuko mojawapo la majadiliano ya vikundi lengwa yanayotumiwa leo. Kwa hivyo, mbinu hii ambayo wengi huihusisha na miradi ya afya au biashara ilizaliwa katika utafiti wa redio.

Baadaye wataalamu wengine waliipanua njia hiyo. Dell Hymes, katika miaka ya 1960, alisisitiza kwamba lugha ichunguzwe pamoja na mandhari, washiriki, makusudi na kaida za mazungumzo. Clifford Geertz (1973) alidai kwamba mtafiti asiishie kuripoti kitendo, bali aeleze maana ambayo wahusika wanakipa. Glaser na Strauss (1967) walionyesha kwamba nadharia inaweza kuchipuka kutoka kwenye data badala ya kutangulizwa. Nyumbani kwetu, Bethwell Ogot alichapisha mwaka wa 1967 historia ya Waluo wa kusini iliyojengwa kwa kiasi kikubwa juu ya masimulizi ya wazee. Hatua hiyo ilikuwa na uzito, kwani wakati huo wapo wasomi walioamini kuwa pasipo maandishi hapana historia.

Kwa nini takwimu pekee hazitoshi

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,131,950 katika Kaunti ya Homa Bay na 1,116,436 katika Kaunti ya Migori. Uchunguzi wa kitaifa wa athari za UKIMWI wa mwaka wa 2018 ulionyesha kwamba asilimia 4.9 ya watu wazima nchini Kenya waliishi na virusi; kwa Homa Bay kiwango kilikuwa asilimia 19.6, na kwa Migori asilimia 13.0. Takwimu hizi ni za lazima. Pasipo hizo, serikali haiwezi kujua dawa zipelekwe wapi. Hata hivyo, haziwezi kumweleza mwandishi wa matangazo ya redio ni kwa nini ujumbe fulani ulisikika na haukufuatwa.

Mfano halisi ni suala la tohara ya wanaume. Kimila, Waluo hawakuwa wakitahiri; alama ya utu uzima ilikuwa kung'olewa meno sita ya chini. Kabla ya majaribio ya kitabibu kukamilika, Robert Bailey na wenzake walifanya majadiliano ya vikundi katika Nyanza, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 2002. Vizuizi vilivyotajwa na washiriki ni utambulisho wa kitamaduni, hofu ya maumivu na kuvuja damu, pamoja na gharama. Vivutio vilikuwa usafi na kupunguza hatari ya maambukizi. Jaribio la Kisumu lilikamilika Desemba 2006 na kuonyesha kwamba tohara hupunguza uwezekano wa mwanamume kuambukizwa. Shirika la Afya Duniani lilitoa pendekezo lake mwaka wa 2007, na mpango wa Kenya ukaanza Nyanza mwaka wa 2008. Jaribio lilithibitisha kwamba tohara inafaa. Majadiliano ya vikundi yalikuwa yamekwisha kuonyesha ni hoja zipi watu wangezikubali na hofu zipi zingepaswa kujibiwa. Mpango wa mawasiliano ulihitaji maarifa ya aina zote mbili.

Mfano wa pili unahusu lugha. Sensa huhesabu watu wanaojitambulisha kuwa Wasuba, wanaoishi hasa Mfangano, Rusinga na mwambao wa Mbita na Gwassi. Lakini haielezi ni lini mama wa Kisuba humsemesha mwanawe kwa Kisuba na ni lini huhamia Dholuo, wala kituo cha redio cha jamii kisiwani Mfangano kina maana gani kwa mzee anayesikia lugha yake hewani. Maswali hayo hujibiwa kwa kusikiliza.

Mbinu za kukusanya data

(a) Mahojiano ya kina

Mahojiano ya kina huongozwa na orodha fupi ya mada, wala si msururu wa maswali yaliyofungwa. Ustadi mkuu ni kuuliza kwa namna ambayo haimwekei mhojiwa jibu kinywani. Swali "Je, redio imekusaidia kujua hatari za UKIMWI?" huvuta jibu la ndiyo, kwa kuwa mgeni hastahili kuvunjwa moyo. "Niambie kipindi cha mwisho ulichosikiliza na mliyozungumza baada yake" hufungua masimulizi.

Mtafiti ajue pia mhojiwa anapatikana lini. Katika fukwe za Homa Bay na Nyatike, wavuvi wa omena hufanya kazi usiku, wakiwavuta samaki kwa mwanga wa taa, na hulala mchana. Wanawake wachuuzi huwa ufuoni alfajiri wakisubiri mashua, kisha huanika omena juani. Mwanafunzi anayefika saa tano asubuhi akiwa na daftari atawakuta wanaume wamelala na wanawake wamechoka. Isitoshe, uvuvi wa omena hufungwa kati ya Aprili na Julai, na wakati huo ufuo huwa na sura nyingine kabisa. Ratiba ya chuo haiwezi kulazimishwa juu ya ratiba ya ziwa.

(b) Majadiliano ya vikundi

Kikundi huonyesha jambo ambalo mahojiano ya mtu mmoja hayawezi kulionyesha: namna watu wanavyokubaliana, wanavyosahihishana na wanavyonyamazishana. Kwa sababu hiyo, uteuzi wa washiriki hudai ujuzi wa utamaduni. Katika jamii ya Waluo, mwanamume huchunga sana heshima mbele ya maro, yaani mama mkwe. Ukiwaweka wawili hao katika kikundi kimoja na kuanzisha mjadala wa afya ya uzazi, hutapata data isipokuwa kimya. Vivyo hivyo, kijana hatampinga jaduong' hadharani. Kimya hicho kisichukuliwe kuwa makubaliano. Ni busara kuunda vikundi tofauti vya wanawake walioolewa, wajane, vijana wa kiume na wazee, kisha kulinganisha kauli zao.

(c) Ushuhudiaji

Watu husema wanavyodhani wanatenda. Ushuhudiaji huonyesha wanavyotenda. Mwanafunzi anayechunguza mawasiliano katika mkutano wa iritongo, yaani baraza la wazi la jamii ya Wakuria, hana budi kuona nani anaanza kusema, nani anakatizwa, wanawake wameketi wapi, na uamuzi unatangazwa kwa maneno gani. Vipengele vya Hymes humsaidia sana hapa. Aidha, ajue kwamba yapo mabaraza yasiyo ya wazi, kama vile inchama ya wazee. Haki ya kutafiti haimpi mtu haki ya kuingia kila mahali.

Uteuzi wa sampuli

Katika utafiti wa kimaelezo, sampuli haiteuliwi ili iwakilishe idadi ya watu, bali kwa sababu wateuliwa wana tajriba inayohusiana na swali. Mtafiti anaweza kuteua kimakusudi, au kumwomba mhojiwa amwelekeze kwa mwingine. Njia hii ya pili ina hatari yake: mwenyekiti wa kamati ya ufuo atakuelekeza kwa rafiki zake. Tangu kanuni za mwaka wa 2007, kila ufuo wa uvuvi hupaswa kuwa na kitengo cha usimamizi chenye orodha ya wanachama. Orodha hiyo ni mlango mzuri, lakini wachuuzi wadogo na vibarua wanaohamahama huenda wasiwemo, nao pengine ndio wenye jambo la kusema.

Vivyo hivyo kwa Wakuria. Nchini Kenya, jamii hii ina koo kubwa nne: Wabukira, Wabugumbe, Wanyabasi na Wairege. Mwanafunzi aliyewahoji watu wa ukoo mmoja karibu na Kehancha asidai kuwa amesikia sauti ya Wakuria wote. Kuhusu idadi, kanuni inayofuatwa na wengi ni kuendelea hadi mahojiano mapya yasipoleta jambo jipya. Kanuni hiyo hutimizwa na anayechanganua data kadiri anavyozikusanya. Anayesubiri kurudi chuoni hawezi kujua kama amefika.

Suala la lugha, unukuzi na tafsiri

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili ana wajibu mzito zaidi. Tasnifu yake huandikwa kwa Kiswahili sanifu. Mahojiano mengi ya vijijini hufanywa kwa Dholuo au Kikuria, na ya Migori mjini au Isebania, mpakani na Tanzania, aghalabu huchanganya lugha tatu katika sentensi moja. Kati ya sauti iliyorekodiwa na ukurasa uliopigwa chapa, maana inaweza kupotea mara mbili: katika unukuzi na katika tafsiri.

Chukua neno chira. Ni hali ya kudhoofika na kukonda inayoaminiwa kuletwa na ukiukaji wa miiko ya jamii. UKIMWI ulipoenea, wengi waliufasiri kuwa chira, kwa kuwa dalili zilifanana. Mtafsiri anayeandika "laana" ameondoa ugonjwa. Anayeandika "UKIMWI" ameondoa mwiko. Katika hali zote mbili, msomaji hawezi kuelewa kwa nini familia ilitafuta dawa za kimila kabla ya kwenda hospitalini. Ujumbe wa afya ukijengwa juu ya tafsiri hiyo hautamfikia mlengwa. Lipo pia neno ayaki, lililotumika kuutaja UKIMWI, lenye asili katika kitenzi cha kunyakua na kupora. Kutumia "UKIMWI" mahali pa ayaki ni sahihi kwa daktari, lakini sitiari nzima ya ugonjwa unaopora watu imefutwa.

Mfano mwingine ni tero. Kiswahili kimezoea kusema "kurithi mjane". Kitenzi kurithi humfanya mwanamke kuwa mali iliyoachwa na marehemu. Kwa Kiluo, mjane huitwa chi liel, mke wa kaburi, maana yake ndoa yake na marehemu haijavunjika, na jater husimama mahali pa marehemu. Watoto watakaozaliwa huhesabiwa kuwa wa marehemu. Mtu anaweza kuipinga desturi hiyo kwa sababu nzito za afya na haki za wanawake, na wapo wajane wengi wanaoipinga. Lakini hawezi kuijadili na wanaoifuata iwapo neno analotumia limekwisha kuipotosha kabla mjadala kuanza.

Kutokana na hayo, taratibu zifuatazo zinafaa. Kwanza, rekodi inukuliwe katika lugha ileile iliyosemwa, pamoja na mchanganyiko wa lugha, vicheko na vinyamavyo vyenye maana. Pili, dhana za msingi ziachwe katika lugha asilia ndani ya tasnifu na kufafanuliwa mara ya kwanza. Tatu, sehemu ya unukuzi itafsiriwe na watu wawili kila mmoja peke yake, kisha tofauti zao zijadiliwe. Tofauti hizo zenyewe ni data. Nne, mkalimani, akitumiwa, atajwe katika sura ya mbinu, kwa sababu jinsia, umri na ukoo wake vimeathiri kilichosemwa.

Ieleweke pia kwamba Kiswahili chenyewe si chombo kisicho na upande. Mgeni anayewahutubia wanakijiji kwa Kiswahili sanifu huweza kudhaniwa kuwa afisa wa serikali, na majibu yatakuwa yale yanayofaa kusikiwa na serikali.

Uchanganuzi wa data

Wanafunzi wengi huamini kwamba kuchanganua ni kuteua nukuu tamu na kuzipanga chini ya malengo ya utafiti. Sivyo. Mojawapo ya njia zinazofunzwa sana ni ile ya mada iliyoelezwa na Braun na Clarke (2006). Mtafiti husoma unukuzi wote mara kadhaa, huzipa sehemu ndogondogo misimbo, hukusanya misimbo inayohusiana kuwa mada, huzipima mada hizo dhidi ya data nzima, huzipa majina, kisha huandika.

Tuseme mchuuzi wa samaki anasema kwamba matangazo ya redio yanawaambia wanawake waache jaboya, yaani uhusiano wa kimapenzi na mvuvi ili kupata samaki, "kana kwamba mashua ni zetu". Msimbo wa haraka ungekuwa "mtazamo hasi kuhusu redio". Msimbo makini ungekuwa "ujumbe unamlaumu asiye na uwezo wa kuamua". Msimbo huo wa pili ukirudi katika mahojiano mengine, mada huanza kujitokeza: hadhira haikukosa habari, inakataa namna ilivyochorwa ndani ya habari hizo. Stuart Hall alikwisha kueleza mwaka wa 1973 kwamba hadhira inaweza kuupokea ujumbe, kuujadili au kuupinga. Nadharia hiyo huzaa matunda inapokutanishwa na sauti kama hiyo ya ufuoni.

Maadili ya utafiti

Kwa mujibu wa Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya mwaka wa 2013, mtafiti anahitaji leseni ya tume ya taifa inayosimamia masuala hayo, na kwa kawaida huripoti kwa ofisi za kaunti kabla ya kuanza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 nayo huzihesabu taarifa za afya kuwa data nyeti. Sauti ya mhojiwa iliyohifadhiwa kwenye simu isiyo na nywila ni hatari kwa mhojiwa huyo.

Lipo suala gumu zaidi. Sheria ya mwaka wa 2011 inayopiga marufuku ukeketaji haimwadhibu mkeketaji pekee. Inamtia hatiani hata anayejua kwamba kosa limetendeka au linapangwa na asitoe taarifa. Mwanafunzi anayekwenda Kuria kuchunguza mawasiliano kuhusu ukeketaji, akaahidi siri kamili, ametoa ahadi asiyoweza kuitimiza. Akisikia kwamba msichana fulani atakeketwa Desemba, atafanyaje? Akinyamaza, msichana ataumia na sheria itakuwa imevunjwa. Akiripoti bila kuwa ametoa tahadhari, amemsaliti aliyemwamini. Swali hili halipaswi kukutwa njiani. Mwanafunzi, msimamizi na kamati ya maadili walijadili kabla ya safari. Mipaka ya siri itajwe wazi katika maelezo ya ridhaa. Na maswali yaelekezwe kwenye ujumbe, wasemaji na mabaraza badala ya kumtaka mtu aungame kitendo chake.

Hatimaye kuna deni. Nyanza imefanyiwa tafiti nyingi za afya, na wako wakazi waliohojiwa mara nyingi bila kurudishiwa matokeo. Kurudi na muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Dholuo au Kikuria, ukasomwa ufuoni au barazani, ni heshima. Pia ni kipimo: wahojiwa wakisema "hivyo sivyo tulivyosema", mtafiti amepata nafasi ya kusahihisha kabla ya kutetea tasnifu.

Uaminifu wa matokeo

Wapo wanaoudharau utafiti wa kimaelezo kwa kudai kuwa ni maoni ya mtafiti yaliyopambwa. Lincoln na Guba (1985) walipendekeza vigezo vinne vya kuupima: matokeo yaaminike kwa wahusika, maelezo yatoshe kumwezesha msomaji kuamua kama yanafaa mahali pengine, hatua zote ziweze kufuatiliwa, na hitimisho lionekane kutoka kwenye data, si kwenye matamanio. Muda nao huchangia. Geissler na Prince, waliochapisha mwaka wa 2010 kitabu kuhusu kijiji kimoja cha Waluo magharibi mwa Kenya, walikifuatilia kijiji hicho kwa miaka kadhaa. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza hana miaka hiyo, lakini anaweza kurudi kwa mhojiwa yuleyule mara ya pili na ya tatu, kwa kuwa mengi hayasemwi siku ya kwanza.

Hitimisho

Makala haya yameeleza chimbuko la utafiti wa kimaelezo, mbinu zake kuu, na changamoto zake katika mazingira ya Migori na Homa Bay. Imebainika kwamba uteuzi wa mbinu hutokana na swali, kwamba tafsiri ni sehemu ya uchanganuzi, na kwamba maadili hupangwa kabla ya safari. Inapendekezwa kwamba idara za Kiswahili na za mawasiliano zishirikiane katika kufundisha unukuzi na tafsiri ya data za lugha za kwetu, na kwamba kila kozi ya mbinu za utafiti iwe na angalau zoezi moja la uwanjani kabla ya mwanafunzi kuandika pendekezo. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mwenyeji wa Mbita au Kehancha atapona iwapo mgeni atakayemjia na daftari atakuwa amejifunza kusikiliza.